Thor Alilipa Nini?

Toleo la 380 la Thor, lililotolewa na kampuni ya Marvel likiwa na tarehe ya Juni 1987, ni pigano moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila ukurasa ni picha moja nzima. Unafunua, unakuta nyoka na mtu. Unafunua tena, unakuta nyoka na mtu. Nyoka huyo ni Jormungand, ambaye katika visasili vya watu wa kaskazini ya Ulaya ameizunguka dunia yote chini ya bahari hadi akauma mkia wake mwenyewe. Mtu ni Thor, ila si yule Thor wa siku zote mwenye mikono wazi na nywele zinazopeperuka. Amevaa deraya mwili mzima, kwa sababu Hela, malkia wa kuzimu, amemlaani: mifupa yake ivunjike upesi, isiunge tena, na yeye mwenyewe asipate kufa. Walter Simonson ndiye aliyeandika hadithi na kupanga kurasa, Sal Buscema akazichora. Nimelisoma toleo hilo mara nyingi kuliko kitabu kingine chochote cha katuni, na kila ninapoulizwa kama hadithi fulani ya mashujaa imeishia vizuri au vibaya, hilo ndilo ninalolipimia.

Ugumu uliomkabili mwandishi uko wazi kwa yeyote anayejua asili ya mambo hayo. Snorri Sturluson, kiongozi na mwanachuoni wa Iceland, aliandika Edda yake karibu mwaka 1220, na humo akaieleza Ragnarok, siku ya maangamizi ya miungu. Odin, mfalme wa miungu na baba yake Thor, atamezwa na mbwamwitu Fenrir. Surtur, jitu la moto litokalo kusini, ataiteketeza dunia. Thor atamuua yule nyoka, atapiga hatua tisa, kisha ataanguka afe kwa sumu yake. Msomaji anayelishika toleo la 380 anazijua hatua hizo tisa au amekwisha kusimuliwa. Marvel nayo inajua jambo jingine: mwezi ujao toleo la 381 lazima liwe dukani, na jina lililoandikwa juu ya jalada ni Thor. Kisasili kinadai maiti, biashara inadai mtu aliye hai. Waandishi wengi hapo humwokoa shujaa kwa muujiza usiojulikana ulikotoka, au humuua kwa kishindo huku wao na wasomaji wao wakijua fika kwamba kabla ya mwaka kwisha atafufuliwa. Simonson hakufanya lolote kati ya hayo, na alivyofanya nitakueleza, lakini kwanza niseme kwa nini jambo hili linanishughulisha kiasi hiki.

Nilianza kusoma hadithi hizi bila miisho yake.

Mjomba wangu alikuwa baharia. Meli yake ilipotia nanga Kilindini, Mombasa, alikuja kwetu Mji wa Kale na mfuko wa turubai, na chini kabisa ya mfuko, chini ya mashati na kanda za muziki, mlikuwa na vitabu vya katuni alivyoachiwa na wenzake melini. Hakuvichagua. Vilikuja vilivyo: vingine havina jalada, vingine vimelowa maji ya chumvi vikakauka na kukakamaa pembeni, na karibu vyote vilitoka katikati ya hadithi. Kisa kilichogawanywa matoleo manne, sisi tulipata la kwanza na la tatu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mtu anayening'inia, au mlango unaofunguka, na maneno ya kutuhimiza tununue toleo la mwezi ujao. Kwetu hapakuwa na mwezi ujao. Kulikuwa na safari ijayo ya mjomba, na safari hiyo ingeweza kutuletea kitu tofauti kabisa.

Kwa hiyo miisho tuliitunga wenyewe, barazani, baada ya magharibi. Kila mtoto alikuwa na wake. Binamu yangu mkubwa alimpa Thor ushindi kila mara, na ushindi wake ulikuja kwa nguvu mpya ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia hadi dakika ile. Tulimshangilia, lakini kesho yake hakuna aliyekikumbuka kisa chake. Nyanya yangu, mzaliwa wa Lamu, alikuwa akiketi ndani ya mlango na kusikiliza. Tulipomtaja mungu wa radi alisema "Astaghfirullah" kwa sauti ya kutosha ili tusikie, na baada ya mashauriano tukakubaliana kwamba Thor aitwe jitu. Jioni moja akauliza:

"Haya, na hilo jitu lenu mwishowe lilikufaje?"

"Hatujui, nyanya. Hatuna kitabu kinachofuata."

"Basi hiyo haijawa hadithi, mwanangu. Hizo bado ni habari za mtu kupigana."

Hakusema hivyo kwa kudharau. Alikuwa na kipimo chake, na kipimo hicho kilikuwa Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani. Alijua sehemu kubwa ya utenzi wake kwa moyo, ule alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya zamani zaidi, na kila alipotusimulia hakuwahi kuishia kwenye nguvu za Liyongo, wala kwenye ngoma aliyoitumia kutoroka gerezani, ingawa hapo ndipo sisi tuliporuka kwa furaha. Simulizi lake lilikuwa likielekea kisimani. Mfalme wa Pate anamwogopa Liyongo na hawezi kumuua. Anamrubuni mwanawe. Mtoto anamwendea baba na kumuuliza ni kitu gani kinachoweza kumdhuru, na baba, kwa jinsi nyanya alivyosimulia, anajua kabisa anachoulizwa na kwa sababu gani, lakini anamjibu mwanawe kweli: sindano ya shaba, kitovuni. Usiku anachomwa akiwa usingizini. Anainuka, anachukua uta wake, anakwenda hadi kwenye kisima cha mji, anapiga goti, anaupachika mshale na kuuvuta. Hapo anafia. Mji mzima haupati maji kwa siku kadhaa kwa sababu hakuna anayethubutu kumsogelea. Mama yake analetwa amsihi. Ndipo mwili unapoanguka, na watu wanatambua kwamba walikuwa wakimwogopa maiti.

Hakuna mtoto aliyeuliza kwa nini Liyongo hakuokolewa. Tuliona kwamba kisa chote kilikuwa kikija hapo. Sindano ilikuwa imetajwa. Mapenzi ya baba kwa mwana yalikuwa yameonyeshwa. Woga wa mji ulikuwa umejengwa beti kwa beti, na mwishowe woga huo ndio unaounyima mji maji. Kila kilichoahidiwa kililipwa, tena na mtu aliyestahili kulipa. Hilo ndilo ninalolitafuta hadi leo ninapofika kwenye toleo la mwisho la hadithi iliyokopa kisasili: kisasili ni ahadi iliyotolewa kabla mwandishi hajazaliwa, na anayekikopa amekubali deni. Anaweza kubadili namna ya kulilipa. Hawezi kujifanya hakukopa.

Sasa nirudi kwa Simonson. Thor wa Marvel alianza Agosti 1962 katika toleo la 83 la Journey into Mystery, kazi ya Stan Lee, Larry Lieber na Jack Kirby. Simonson aliichukua hadithi mwaka 1983, katika toleo la 337, na tangu toleo hilo la kwanza akaanza kupanda kitu. Mahali fulani gizani mhunzi asiyeonekana uso anapiga nyundo. Anapiga juu ya chuma kinachong'aa kama nyota, na mlio wake umeandikwa kwa herufi kubwa zilizochorwa na John Workman, herufi zinazojaza ukurasa. Ukurasa mmoja au miwili, kisha hadithi inaendelea na mambo mengine. Toleo linalofuata, mlio tena. Miezi inapita. Mhunzi ni Surtur, chuma ni upanga atakaouchomea ulimwengu. Majira ya baridi yasiyo ya kawaida yanaifunika dunia kwa theluji, kama visasili vinavyosema yatatangulia Ragnarok. Hadi toleo la 353, la Machi 1985, msomaji wa Marekani aliyelinunua kila mwezi alikuwa ameusikia ule mlio na matokeo yake kwa zaidi ya mwaka mzima.

Mimi nilikuwa mtu mzima, na mshahara wangu mwenyewe, nilipoyapata matoleo hayo yote yakiwa yamekusanywa pamoja kwa utaratibu. Niliyasoma kwa siku chache bila kufanya kingine cha maana. Na pale kwenye 353 nilifunga kitabu nikatembea chumbani. Odin, Thor na Loki, aliyelelewa na Odin, wamesimama bega kwa bega mbele ya moto. Baba anapaza sauti kwa ajili ya Asgard, mji wa miungu. Mwana anapaza sauti kwa ajili ya dunia ya binadamu. Loki anapaza sauti kwa ajili ya nafsi yake. Ukimrudia Snorri utaona kwamba Loki siku hiyo husimama upande wa maadui, kwa hiyo hapa Simonson amebadili kisasili, tena katika jambo zito. Lakini amelibadili kwa tabia ya Loki mwenyewe. Loki anataka kiti cha enzi. Surtur akiteketeza kila kitu hakitabaki kiti cha kukalia. Hajawa mwema hata kidogo. Amepiga hesabu zake zile zile za siku zote, na safari hii hesabu imemleta upande wa baba yake wa kulea.

Kisha Odin anamkumbatia Surtur na kutumbukia naye katika shimo la moto, na njia inafungwa juu yao. Hapo deni limelipwa. Kisasili kilisema Odin ataangamia siku hiyo. Ameangamia, ingawa si mdomoni mwa Fenrir. Muhimu zaidi ni kinachofuata. Matoleo mengi baada ya hapo ni ya watu wasiojua la kufanya bila yeye. Kiti cha enzi kiko wazi, Thor hakitaki, Loki anakitaka kupita kiasi, na mwishowe anakikalia mungu mwingine, Balder, ambaye naye hakuwa akikitafuta. Najua kwamba miaka ya baadaye waandishi wengine walimrudisha Odin. Simwekei Simonson kosa la wengine. Yeye alipoondoka kwenye toleo la 382, Odin alikuwa bado hayupo.

Kuna mwisho mwingine ndani ya kazi hiyo ambao kwangu umepita hata huo, na haumhusu mfalme wala mwana wa mfalme. Skurge, aitwaye Mnyongaji, alikuwa mtu wa pembeni tangu enzi za Lee na Kirby. Kazi yake ilikuwa kubeba shoka na kumpenda mchawi mrembo, Amora, ambaye alimtumia alivyotaka na kumsahau alivyotaka. Katika toleo la 362, la Desemba 1985, Thor na wenzake wanatoka kuzimu wakiwa na roho za binadamu walizokwenda kuzikomboa, na majeshi ya Hela yanawafuata. Lazima mtu abaki kwenye daraja la Gjallerbru kuyazuia. Thor anakusudia kubaki mwenyewe. Skurge anampiga kwa nyuma, anamwangusha, anawaambia wenzake wamchukue waende, na anabaki yeye na bunduki za kisasa za binadamu mikononi. Anawaeleza kwa maneno machache kwamba maisha yake yote amekuwa akichekwa, na kwamba angependa wamnywee kwa heshima watakapofika nyumbani. Wengine wanapanda kuelekea kwenye mwanga. Halafu tunamwona amesimama pale, peke yake, akipiga risasi, na umati hauishi.

Hatuonyeshwi maiti. Msimulizi anatuambia kwa ufupi kwamba alisimama, na anaona hilo linatosha, kama nyanya ambavyo hakuongeza neno baada ya mwili wa Liyongo kuanguka. Filamu ya Thor: Ragnarok ya mwaka 2017 ilimchukua Skurge na bunduki zake mbili, na mwigizaji Karl Urban alijitahidi, lakini filamu haikuwa imempa maisha ya kuchekwa yanayoufanya mwisho huo uume. Bunduki walizikopa. Deni hawakulikopa.

Na sasa yule nyoka. Nimesema Hela alimlaani Thor asife. Laana hiyo imepandwa miezi kabla ya pigano, nayo inaonyeshwa kama mateso matupu: mtu ambaye nguvu zake zimebaki vilevile lakini kila akipiga, mkono wake mwenyewe unavunjika. Deraya ile imeundwa kushikilia mwili ambao hauwezi tena kujishikilia. Ukifika toleo la 380 unategemea laana iondolewe ili apigane. Haiondolewi. Anapigana nayo. Kila ukurasa anampiga nyoka, na kila ukurasa unajua anachojifanyia. Mwishowe Jormungand anakufa, kama ilivyosemwa, na Thor anaanguka, kama ilivyosemwa. Ndani ya chuma kile hakuna tena mfupa mzima. Kwa mujibu wa kisasili huo ndio mwisho wake. Lakini hawezi kufa, kwa sababu adui yake alimnyima kifo. Chuki ya Hela ndiyo iliyomzuia asiingie mahali ambapo kila mtu, naye mwenyewe, alijua lazima aingie.

Hebu tazama ufundi huo kwa makini. Utabiri haukukanushwa. Hakuna aliyegundua kwamba wazee wa kale walikosea kusoma. Nyoka amekufa, shujaa ameanguka, sumu imefanya kazi yake. Kinachombakisha Thor kilikuwa mbele ya macho yetu muda wote, na tulikuwa tumefundishwa kukiona kama adhabu. Na alivyobakia si bure: amebaki kama uji ndani ya deraya. Matoleo mawili yanayofuata yanaeleza jinsi akili yake inavyoingia ndani ya Destroyer, lile sanamu la vita lililotumwa kummaliza, na kushuka nalo kuzimu hadi mbele ya Hela, ambaye sasa analazimika kuurudisha mwili wake. Toleo la 382, la Agosti 1987, anarudi Asgard na kumvunja Loki mkono. Hapo Simonson akafunga kalamu. Toleo la 383 liliandikwa na Tom DeFalco, na Ron Frenz akachora, na biashara ilipata mtu wake aliye hai.

Wapo wanaoshikilia kwamba mwisho wa kijasiri zaidi ni ule wa mwaka 2004, matoleo ya 80 hadi 85 ya mfululizo wa pili, yaliyoandikwa na Michael Avon Oeming na Daniel Berman na kuchorwa na Andrea Di Vito. Ujasiri naukubali. Humo Thor anatoa macho yake yote mawili, pale ambapo baba yake alitoa moja, ili aone kwamba Ragnarok imekuwa ikijirudia kwa sababu wako wakubwa waliokaa gizani juu ya miungu na wanaishi kwa kuila duru hiyo. Anaukata uzi wa duru hiyo. Asgard inakwisha, yeye analala, na Marvel ikakaa bila gazeti la Thor hadi mwaka 2007. Wazo hilo ni zito: miungu inakufa na kufufuka kwa sababu kuna wanaofaidika, na sisi wasomaji tumo katika hao. Lakini watu waliobeba hadithi hiyo kwa miaka arobaini wanauawa upesi mno, mmoja baada ya mwingine, bila hata mmoja wao kupata daraja lake kama Skurge. Naheshimu akili iliyoubuni mwisho huo, ila sijawahi kutembea chumbani kwa ajili yake.

Mwaka 2018 niliulizwa juu ya mwisho mwingine, na aliyeuliza hakuwa msomaji wa katuni. Dada yangu alikuwa akitibiwa saratani. Siku za kemo mtu hukaa saa nyingi kwenye kiti na bomba mkononi, na maongezi huisha mapema. Nilimpelekea hadithi ya Jane Foster, aliyoiandika Jason Aaron na kuichora Russell Dauterman. Jane ni mwanamke mwenye saratani ya matiti ambaye mwaka 2014 aliinyanyua nyundo Mjolnir na kuwa Thor. Kila anapogeuka, mwili unatakaswa sumu zote, na kemo nayo inahesabiwa ni sumu. Nyundo inaitoa. Saratani inabaki. Kila ushindi wake vitani unamrudisha kitandani akiwa mbaya zaidi kuliko jana. Dada aliielewa kanuni hiyo kabla sijamaliza kuieleza. Alinitazama tu, akageuza ukurasa.

Katika toleo la 705 madaktari na marafiki wamekwisha kumwambia Jane kwamba akigeuka tena atakufa. Anageuka. Anamfunga Mangog, jitu linaloangamiza makao ya miungu, kwa mnyororo, analifunga pamoja na Mjolnir yenyewe na kuvitupa vyote ndani ya jua. Anakufa. Na baada ya hapo Odin na mwanawe wanatumia dhoruba iliyokuwa ndani ya nyundo kumrudishia uhai. Nilipokuwa peke yangu nilikuwa nimekwisha kukasirika: deni limelipwa, kisha pesa zikarudishwa. Nilimwambia dada kwamba wameuharibu mwisho.

"Wamemrudishia nyundo?" akauliza.

"Hapana. Nyundo imeungua."

"Na saratani?"

"Saratani iko palepale. Anarudi kwenye matibabu."

"Sasa wameharibu nini, kaka? Vita vya majitu vimekwisha. Ameletwa kwenye vita vyake."

Alikuwa anasema kweli, na alikuwa na haki ya kusema kuliko mimi. Jane hakuokolewa kutoka kwenye jambo alilokuwa akiliogopa. Alirudishwa kulikabili bila radi, bila ngozi ya mungu, pamoja na kichefuchefu na nywele zilizotoka. Mtu aliyekuwa akikwepa kiti cha kemo kwa sababu dunia ilimhitaji sasa hana udhuru. Tangu siku hiyo naupima mwisho wa namna hii kwa swali la ziada: aliyerudishwa amerudishiwa nini? Akirudishiwa kila kitu, wametudanganya. Akirudishiwa kazi ngumu, huenda wametutendea haki. Dada yangu anaishi Mombasa na anakwenda kupimwa kama alivyoagizwa.

Siku hizi vijana huniletea kazi zao, wengine kutoka Nairobi na Mombasa, wengine Dar es Salaam, na furaha yangu ni kwamba hawakopi tena kwa watu wa kaskazini ya Ulaya pekee. Kijana mmoja aliniletea kurasa nzuri mno juu ya Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, nabii wa Vita vya Maji Maji aliyeahidi kwamba maji yake yangezuia risasi za Wajerumani. Mto aliuchora vizuri kiasi cha kutaka kuugusa: maji ya kahawia, mianzi, pumzi ya asubuhi juu yake. Katika kurasa zake maji ya Kinjeketile yanafanya kazi. Risasi za Wajerumani zinayeyuka hewani zikawa matone, na wazungu wanakimbilia baharini. Niliielewa raha aliyokuwa nayo mikononi alipoyachora hayo. Nani asiyeitaka? Lakini Kinjeketile alinyongwa Agosti 1905, vita viliendelea hadi 1907, na makumi ya maelfu ya watu walikufa, wengi wao kwa njaa baada ya vyakula na mashamba kuchomwa moto. Ukiyafanya maji yawe kweli, watu hao wote umewafuta. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya mwaka 1969, alikiona kitu kigumu zaidi: Kinjeketile anakufa akikataa kuwaambia watu kwamba maji yalikuwa uongo, kwa sababu neno hilo moja lingewapokonya wajukuu sababu ya kusimama. Mwandishi huyo hakumwokoa mtu yeyote, na mwisho wake bado unatusumbua.

Nilimwomba yule kijana abakishe mto na abakishe matone, ila ayaweke machoni mwa mtu mmoja anayekimbia kuelekea kwenye bunduki, katika fremu moja kabla ya kupigwa. Ameanza upya kurasa zake za mwisho. Anafanya polepole, na simharakishi.

Kwenu nyote mnaochora, nina ombi moja. Liyongo anangoja kufanyiwa katuni inayomfaa, ya kurasa nyingi, kwa Kiswahili chetu, kwa wino na rangi za pwani ya Pate na Lamu. Chukueni ngoma ya gerezani, chukueni mshale na kimo chake, ongezeni mapigano kadiri mpendavyo, badilisheni hata mfalme. Mkifika kisimani, tafadhali, msimwokoe.